Ulifanyiwa Nini Mwezi Huu?

Naomba nianze na mgonjwa mmoja.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa daktari kijana kwenye zamu ya usiku, aliletwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, ameegemea bega la wifi yake. Kichwa amekishika kwa mikono miwili, macho ameyafumba kwa sababu taa ya mapokezi ilimchoma. Wifi alikuwa na mfuko wa plastiki wenye karatasi za zahanati mbili. Ya kwanza ilisema malaria. Ya pili ilisema malaria na homa ya matumbo. Dawa zote zilikuwa zimemalizwa na homa iko palepale. Nilizisoma zile karatasi, nikaagiza dripu, nikaagiza kipimo kingine cha malaria, kisha nikaenda kwa mgonjwa aliyefuata.

Aliyeuokoa usiku ule alikuwa mkunga wa makamo, mama asiyependa maneno mengi. Alimwomba wifi aende dukani ng'ambo ya barabara akanunue maji ya kunywa. Wifi alipotoka, mkunga akavuta pazia, akainama sikioni mwa mgonjwa, akamuuliza: "Mwanangu, mwezi huu ulifanyiwa nini?"

Jibu lilikuja kwa sauti ya chini. "Nilisafishwa, mama. Leo siku ya tisa."

Mimba ilikuwa imeharibika na mabaki yakatolewa. Ilikuwa ya pili kuharibika, na hakutaka ukweni waanze kusema tumbo lake halishiki, kwa hiyo alikwenda peke yake, akarudi peke yake, akaingia jikoni kupika kama siku nyingine. Mkunga aliniita. Aliweka kiganja chini ya kisogo cha yule dada na kujaribu kukiinua kichwa ili kidevu kiguse kifua. Shingo haikukunjika. Kichwa na mabega viliinuka pamoja, kama mtu anayenyanyua ubao upande mmoja.

Mhadhara wangu wa leo ni maelezo ya swali lile la mkunga: kwa nini mwanamke mwenye maumivu ya kichwa aulizwe habari za kizazi.

Kwanza niwatoe hofu, maana sitaki mtu atoke hapa akaenda kukataa huduma anayoihitaji. Kusafishwa kizazi baada ya mimba kuharibika, kuwekewa kitanzi, kuchukuliwa kinyama cha kupima kwenye mlango wa kizazi, kujifungua kwa upasuaji: wanawake wengi mno hufanyiwa haya kila siku na kurudi nyumbani salama. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Tanzania, Uganda, Malawi na Pakistani, wenye wanawake 3,412 waliosafishwa baada ya mimba kuharibika. Nusu walipewa dozi ya antibiotiki kabla ya kusafishwa, nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa. Waliopata maambukizi ya nyonga walikuwa 4.1 kwa kila 100 katika kundi la kwanza na 5.3 kwa kila 100 katika kundi la pili, tofauti ndogo ambayo wachunguzi wenyewe hawakuweza kuithibitisha. Hayo ni maambukizi ya kizazi na sehemu zinazokizunguka, ambayo kwa kawaida hutibika. Yanayopanda hadi kichwani ni nadra kiasi kwamba mengi tunayajua kupitia taarifa za mgonjwa mmoja mmoja katika majarida ya tiba. Daktari anaweza kustaafu bila kumwona hata mgonjwa mmoja wa namna hiyo. Na huo ndio ubaya wake, kwa sababu siku akimwona, hamtambui.

Sasa njia. Kizazi kiko chini kabisa, ubongo uko juu kabisa. Kijidudu kinafikaje?

Uke wa mwanamke mzima una bakteria wengi, na wengi wao ni walinzi wanaoweka hali ya uchachu ili wageni wasistawi. Katikati yao wamo wengine watulivu tu maadamu wako mahali pao. Streptokoka wa kundi B, kwa mfano, hubebwa na karibu mjamzito mmoja kati ya watano, bila homa wala maumivu. Mlango wa kizazi huziba njia kwa ute mzito. Chombo kinapopita mlangoni, kiwe bomba la kunyonyea mabaki au kitanzi, ute ule hupasuliwa. Na pale kondo lilipokuwa limeshika pamebaki kidonda kibichi chenye midomo ya mishipa ya damu iliyo wazi. Bakteria wachache wakiingia hapo, mara nyingi hufa njiani: ini na wengu huwakamata, na mapafu nayo ni chujio, kwa sababu damu yote inayorudi moyoni lazima ipite kwanza kwenye mishipa yake myembamba kuliko unywele.

Lakini chujio lina njia za pembeni. Karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana kitundu kidogo moyoni ambacho kilipaswa kuziba baada ya kuzaliwa na hakikuziba vizuri. Wengi wanaishi nacho hadi uzee bila shida yoyote. Kwa mwenye bahati mbaya, damu yenye vijidudu huvuka hapo bila kuchujwa na kupanda moja kwa moja kichwani.

Njia nyingine ilielezwa mwaka 1940 na Oscar Batson, mtaalamu wa anatomia wa Philadelphia. Batson alikuwa anatafuta jibu la swali la wanaume: kwa nini saratani ya tezi dume hupenda kwenda kwenye mifupa ya mgongo? Alichukua maiti, akaingiza kwenye mshipa wa sehemu za siri dawa inayoonekana kwa eksirei, akafuatilia inakokwenda. Ilipanda kwenye wavu wa mishipa inayozunguka pingili za mgongo, pingili kwa pingili, hadi ndani ya fuvu. Mishipa hiyo haina vilango vya kuzuia damu kurudi nyuma kama mishipa ya miguu ilivyo navyo. Ni kama mfereji tambarare: maji huenda kokote yanakosukumwa. Ukikohoa, ukijikamua chooni, ukisukuma mtoto, shinikizo la tumbo hupanda, na damu ya nyonga inaweza kuingia kwenye wavu ule na kupanda mgongoni bila kupita moyoni wala mapafuni. Ndiyo sababu taarifa za jipu la ubongo au homa ya uti wa mgongo baada ya uzazi zinapoandikwa, jina la Batson hutajwa mara kwa mara. Alifuata maradhi ya wanaume na akatuchorea barabara inayowahusu pia wanawake.

Nitakaa kidogo kwa kijidudu kimoja, kwa sababu ndicho kinachonikosesha usingizi kuliko vingine. Kinaitwa mikoplasma, aina ya hominis. Louis Dienes na mwenzake Edsall walikiotesha mwaka 1937 kutoka kwenye jipu la tezi ya Bartholin, ile tezi iliyo pembeni ya mlango wa uke, na ilikuwa mara ya kwanza mikoplasma yoyote kupatikana kwa binadamu. Tangu siku hiyo makao yake yanajulikana: njia ya uzazi ya wanawake wengi wazima, ambako kwa kawaida hakimsumbui mtu.

Ili muelewe ujanja wake, twendeni maabara. Mwaka 1884 daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, aligundua namna ya kupaka bakteria rangi. Unatandaza tone la usaha kwenye kioo, unalipitisha juu ya moto likauke, unalipaka rangi ya zambarau, kisha iodini, unaosha kwa spiriti, halafu unapaka nyekundu. Bakteria wenye ukuta mnene hubaki zambarau, wenye ukuta mwembamba huwa waridi. Mpaka leo fundi wa maabara wa wilayani akipokea maji ya uti wa mgongo, hiyo ni miongoni mwa kazi zake za kwanza. Mikoplasma haina ukuta wowote. Hakuna kinachoshika rangi. Fundi anainama kwenye hadubini, anaona chembe nyeupe za damu zimejaa tele kama uwanja wa mpira siku ya fainali, adui haonekani, naye anaandika anachokiona: hakuna bakteria.

Na ukuta huohuo ndio shabaha ya dawa zetu tunazozitegemea. Penisilini huua kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria. Seftriaksoni, sindano ambayo kila hospitali huikimbilia mtu akiletwa na shingo ngumu, hufanya vivyo hivyo. Utabomoaje ukuta wa nyumba isiyo na ukuta? Mgonjwa anachomwa dozi baada ya dozi, siku ya tatu, siku ya nne, na homa haisogei. Kwetu wazo linalofuata huwa kifua kikuu cha ubongo, na si wazo baya, maana kifua kikuu tunacho. Mgonjwa anaanzishiwa dawa za miezi mingi. Kumbe anachohitaji ni doksisaiklini, au klindamaisini, au dawa za jamii ya siprofloksasini, na baadhi ya hizo huuzwa kwenye duka la dawa la mtaani kwake. Ukiiotesha mikoplasma kwa subira kwenye chakula chake maalumu, baada ya siku kadhaa hutoa vidoa vidogo vyenye kiini katikati, mfano wa yai la kukaanga. Maabara zenye uwezo huitafuta kwa chembe za urithi. Lakini hakuna fundi atakayeitafuta bila kuambiwa aitafute, na hakuna daktari atakayemwambia kama hajui kwamba mgonjwa huyu alipasuliwa au kusafishwa majuma mawili yaliyopita.

Tumerudi kwenye swali la mkunga.

Kitanzi nacho kina kijidudu chake, aktinomaisi, ambaye huweza kukaa kwenye kitanzi kilichobaki ndani miaka mingi na kutengeneza taratibu uvimbe mgumu wa nyonga unaofanana na saratani. Usaha wake una punje za manjano. Kusambaa hadi ubongoni hutokea mara chache sana, na penisilini humuua, lakini kwa matibabu ya miezi, pengine mwaka mzima. Nasema haya kwa ajili ya madaktari. Mama mwenye kitanzi asikimbilie kukitoa kwa sababu ya maneno yangu. Ajue tu kilipowekwa na mwaka wake wa kubadilishwa, na asiache kutaja kwamba anacho kila anapougua kwa namna isiyoeleweka.

Njia ya tatu haipiti kwenye damu kabisa. Ni sindano.

Katika mji wa Kiel, Ujerumani, mwaka 1891, Heinrich Quincke alieleza namna ya kuingiza sindano kati ya pingili za kiuno na kutoa maji yanayozunguka uti wa mgongo. Miaka saba baadaye, katika mji huohuo, August Bier alitumia njia ileile kuingiza dawa ya ganzi, na mgonjwa akafanyiwa upasuaji wa mguu akiwa macho. Sindano inayogundua homa ya uti wa mgongo na sindano ya ganzi anayochomwa mama anayekwenda kupasuliwa ni ndugu waliozaliwa mji mmoja. Leo ganzi ya mgongo ndiyo inayotegemewa zaidi kwa kuzalisha kwa upasuaji, na nitaitetea popote: ni salama kwa mama kuliko kulazwa usingizi kabisa, na inamwezesha kusikia mwanawe akilia.

Lakini sindano ile inavuka milango yote ya ulinzi ambayo mwili umeijenga. Ngozi, damu, mapafu, ukuta unaolinda ubongo, vyote vimeachwa nyuma. Kitakachodondokea ncha yake kimeshafika. Mwaka 1897, huko Breslau, mji ambao leo ni Wrocław wa Poland, Carl Flügge alionyesha kwamba mtu anapozungumza tu, matone madogo ya mate hurushwa hewani yakiwa na bakteria hai. Mwaka huohuo, katika mji huohuo, daktari mpasuaji Johann von Mikulicz alianza kufunika mdomo kwa kitambaa cha shashi kila alipopasua. Barakoa ilizaliwa hapo.

Zaidi ya miaka 110 ikapita. Kati ya mwaka 2008 na 2009, katika majimbo ya New York na Ohio, Marekani, wanawake 5 wazima waliokuwa wakijifungua walichomwa ganzi ya mgongo na muda mfupi baadaye wakashikwa na homa ya uti wa mgongo. Wanne kati yao walithibitishwa kuwa na streptokoka salivariusi. Jina lenyewe linatokana na mate. Ni mkazi wa mdomoni, hayumo kwenye uke wala kwenye ngozi ya mgongo. Wachunguzi walipofuatilia, katika kila jimbo walimkuta daktari mmoja wa usingizi aliyewahudumia wagonjwa wale, na yule wa Ohio hakuwa amevaa barakoa. Mama mmoja alikufa.

Fikirini chumba chenyewe. Mama amekaa ukingoni mwa kitanda, amejikunja kama kamba, mgongo umepakwa dawa na unang'aa. Trei iko wazi kando. Daktari anamwambia kwa upole, "Usitikisike, mama, utahisi baridi kidogo." Maneno ya huruma kabisa. Na yanatoka mdomoni, umbali wa futi moja juu ya sindano. Hakuna uzembe wa kutisha hapo, hakuna damu sakafuni, hakuna kitu ambacho mtu angeweza kukipigia picha. Ninyi mnaofanya kazi hii kwenye chumba chenye joto, feni imekufa, mgonjwa wa nane wa siku, barakoa imelowa jasho na mnatamani kuishusha kidevuni dakika mbili tu: dakika mbili hizo ndizo ninazowaomba.

Ganzi iliyochafuliwa inaweza pia kubeba vitu vingine kabisa. Mwishoni mwa mwaka 2022, katika hospitali binafsi za Durango, Meksiko, watu wapatao 80, wengi wao wanawake waliokuwa wamejifungua kwa upasuaji, waliugua homa ya uti wa mgongo baada ya ganzi, na zaidi ya 30 wakafa. Pale mhusika alikuwa kuvu, jamii ya fusari, si bakteria, kwa hiyo si mada yangu ya leo. Nawataja kwa sababu wengi wao walianza na maumivu ya kichwa tu.

Na maumivu ya kichwa baada ya kujifungua ni mtego. Naomba wakunga mnisikilize hapa kuliko mahali pengine popote.

Mama aliyechomwa sindano ya mgongo anaweza kuumwa kichwa kwa sababu maji yamevuja kwenye kitundu cha sindano. Maumivu hayo huanza mara nyingi ndani ya siku tatu, wakati mwingine hadi ya tano, na yana tabia moja ya kuyatambua: akikaa au kusimama yanamzidi, akilala chali yanapungua baada ya muda mfupi. Hana homa. Huyo anahitaji uangalizi, dawa za maumivu, na pengine kurudi kwa mtaalamu wa usingizi. Mama mwingine kichwa kinauma, anaona vimulimuli, presha imepanda: huyo mwangalieni kifafa cha mimba, kwa sababu kinaweza kutokea hata majuma kadhaa baada ya kuzaa. Mwingine damu imeganda kwenye mishipa ya kichwani; naye pia kichwa kinamuuma na anaweza kupata degedege. Ukimkuta mama ambaye kichwa hakijali kama amelala au amekaa, joto limepanda, anatapika, mwanga unamchoma, au ndugu wanasema "haeleweki anachosema," hapo usimpe panadoli ukamrudisha nyumbani. Uholanzi walichunguza matukio 696 ya homa ya uti wa mgongo ya bakteria kwa watu wazima, matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Waliokuwa na homa, shingo ngumu na fahamu zilizobadilika, vyote vitatu kwa pamoja, walikuwa 44 tu kwa kila 100. Lakini 95 kwa kila 100 walikuwa na angalau dalili mbili kati ya nne, ukijumlisha na maumivu ya kichwa. Kwa hiyo anayesubiri shingo ikakamae ndipo aamini, atakuwa amechelewa kwa wengi.

Kuna neno jingine linalochelewesha. Mama aliyezaa juzi akianza kuweweseka, watu husema ni kichaa cha uzazi, au kuna mtu kamtupia jicho. Siwezi kuwazuia ndugu kuomba na kusoma dua, mimi mwenyewe huomba. Ombeni mkiwa njiani kuja hospitali.

Jipu la ubongo ni ndugu wa homa ya uti wa mgongo lakini lina mwendo wake. Bakteria wanapotua ndani ya nyama ya ubongo, siku za kwanza panakuwa na uvimbe mwororo usio na mpaka. Katikati huanza kuoza. Kuanzia kama siku ya 10 mwili hujenga ganda kulizunguka, na baada ya juma la pili ganda hilo limekomaa. Mgonjwa anaweza kuwa na homa kidogo tu au asiwe nayo kabisa. Kinachomleta ni mkono ulioanza kulegea, mdomo uliopinda, neno asilolipata, au kifafa cha ghafla kwa mtu ambaye hajawahi kuanguka maishani. Mwaka 1876, huko Glasgow, William Macewen alimchunguza mvulana mmoja akasema jipu liko mahali fulani, upande wa mbele wa ubongo, na akaomba ruhusa ya kufungua fuvu. Familia ilikataa. Mtoto alipofariki, Macewen alifungua palepale alipopataja na jipu likawapo. Hakuwa na mashine yoyote. Alikuwa na macho, mikono, na historia ya mgonjwa aliyoisikiliza kwa makini. Picha ya kwanza ya ubongo wa mgonjwa kwa CT skani ilipigwa mwaka 1971, katika kitongoji cha London. Leo tunazo mashine hizo katika hospitali zetu kubwa, na anayehitaji apelekwe. Lakini rufaa huandikwa na mtu aliyeshuku.

Kwa wanafunzi, mambo mawili ya haraka. Mgonjwa mwenye upande uliolegea, degedege au fahamu zinazofifia, usimchome sindano ya mgongo kabla ya picha, kwa sababu shinikizo linaweza kuusukuma ubongo chini. Pili, picha isizuie dawa: chukueni damu ya kuotesha, dozi ya kwanza iingie, ndipo msubiri foleni ya mashine. Jipu huchukua majuma 6 hadi 8 ya dawa za mshipani, kwa kawaida seftriaksoni pamoja na metronidazoli, na mara nyingi mpasuaji wa ubongo hulazimika kunyonya usaha.

Kinga yenyewe ni ya kawaida kiasi kwamba inaonekana haistahili mhadhara. Shirika la Afya Duniani linasema antibiotiki ya kuzuia maambukizi ipewe kabla kisu hakijagusa ngozi ya mama anayepasuliwa, katika saa ile ya mwisho, na uke wake usafishwe kwa povidoni ya iodini kabla ya upasuaji kuanza. Vifaa vya kusafishia kizazi vitakaswe kwa joto la otoklevu, na kusuuza tu hakutoshi. Mwenye dalili za maambukizi atibiwe kabla ya kuwekewa kitanzi.

Linalobaki ni gumu zaidi, nalo halina chupa. Ni aibu. Mwanamke haoni haya kusema alivunjika mguu. Atasema alifanyiwa upasuaji wa macho. Lakini yaliyofanyika kwenye kizazi yanafichwa chini ya kitanda pamoja na karatasi zake. Na mwenye kutoa mimba kwa siri, kwa mzizi au kijiti au kwa mtu asiye na taaluma, ambaye ndiye aliye hatarini kuliko wote, anaogopa polisi kuliko homa. Nataka kila mtu hapa ajue kwamba huduma baada ya mimba kuharibika, kwa sababu yoyote ile, hutolewa katika vituo vya serikali hapa Tanzania na kwa majirani zetu Kenya, na kumtibu mama huyo ni wajibu wetu. Sisi kazi yetu hospitalini ni kuuliza ili tutibu. Muulizeni akiwa peke yake. Mume asiwepo, mama mkwe asiwepo, wifi atumwe maji. Msiulize "umetoa mimba?" kwa sauti ya karani wa mahakama. Ulizeni kama yule mkunga: ulifanyiwa nini? Swali hilo linabeba yote: kusafishwa, kitanzi, kinyama, ganzi, upasuaji. Halimtuhumu mtu.

Yule dada tulimchoma sindano ya mgongo usiku uleule. Maji ya uti wa mgongo ya mtu mzima hudondoka maangavu kama ya chemchemi. Yake yalidondoka kama maji ya kuoshea mchele. Fundi wa maabara aliamshwa, akatuletea jibu kabla ya alfajiri: streptokoka, minyororo ya zambarau. Kijidudu huyu alikuwa na ukuta, na penisilini ilimmaliza. Mgonjwa alilazwa kwa majuma kadhaa. Sikio la kushoto halikurudi kusikia.

Siku ya kuruhusiwa, wifi yake alinifuata kwenye baraza. Alikuwa amelala kwenye mkeka kando ya kitanda kile kwa muda wote, na alistahili jibu. "Daktari," akasema, "wifi yangu hasa aliumwa nini?" Nilimtazama mgonjwa. Alikuwa ameinamisha kichwa, anafunga khanga. Nikamjibu wifi kwamba ilikuwa homa ya uti wa mgongo, kwamba imepona, na kwamba kila akiumwa kichwa tena amlete bila kuchelewa. Akashukuru, akabeba mfuko. Waliondoka wakiwa sambamba, mgonjwa akijipanga kushoto kwa wifi yake, ili sikio zima liwe upande wa maneno.